Mwanamume Asiyeuliza Uko Wapi

Kama kuna jambo moja lililomfanya Mama Keki atembee kichwa juu kwa sababu ya mchumba wake, ni hili: mwanamume yule hakuwahi kumpigia simu na kumuuliza, "Uko wapi?"

Wanaoulizauliza aliwajua. Baba wa binti yake, kabla hajatoweka na kumwachia kichanga mikononi, alikuwa akipiga simu kama askari wa zamu. Uko wapi, uko na nani, mbona nasikia kelele, hebu mpe simu huyo aliye karibu nawe. Fundi hakuwa na tabia hiyo. Fundi akipiga, sauti yake ilitua sikioni taratibu: "Umekula? Kiduchu ameamkaje? Haya, pole na kazi, mpenzi." Basi.

"Ananiamini, Dada," Mama Keki alizoea kumwambia dada yake huku akipaka krimu kwenye keki za watu.

Dada, aliyekwisha kuumwa na nyoka na sasa unyasi tu ukimshtua, alibinua mdomo. "Mwanamume asiyeuliza ama ni malaika ama hajali. Na malaika hawaoi."

"Basi mimi nimepata malaika aliyepotea njia."

"Mshike mabawa asiruke."

Walicheka mpaka Kiduchu, mtoto asiyekubali kupitwa na neno, akaja mbio kuuliza kinachochekwa.

Lakini Alhamisi hii hakukuwa na wa kucheka. Tableti ilikuwa imepotea.

Mama Keki aliitafuta chini ya kitanda, nyuma ya ndoo ya unga, juu ya kabati la vyombo. Akafungua hata oveni. Dada, aliyepita kuazima ungo, alimkuta amepiga magoti kichwa kikiwa ndani ya oveni, mkia wa kanga nje.

"Umeanza kujioka mwenyewe?"

"Dada, usinitanie. Tableti siioni. Keki ya harusi ya Jumamosi, bibi harusi alinichorea maua yake humo kwa kidole chake. Nitayakumbukaje yote?"

Alisema maua, lakini machozi yaliyomlenga hayakuwa ya maua. Tableti ile ilikuwa zaidi ya kifaa cha kazi. Fundi ndiye aliyeiunda kwa mikono yake. Alichukua mbili zilizokufa, moja ya kioo kizima na moja ya moyo mzima, akashinda nazo dukani kwake chini ya ile taa yake yenye lenzi, mpaka ikawaka moja. "Kama sisi," alimwambia siku alipompa. "Wewe ulivunjwa huku, mimi nilivunjwa kule. Tumebaki na vipande vinavyotosha mtu mmoja na nusu." Mama Keki alilia mbele ya wateja bila haya.

Siku hiyo hiyo Fundi alisimama nyuma yake kwenye kaunta, kidevu kikigusa bega lake, akamwonyesha mambo yake. "Ngoja nikuwashie na ya kutafuta. Ikipotea au ikiibiwa, itajionyesha kwenye ramani. Nimeweka laini humu, na bando usihangaike nalo, nitakuwa nakuwekea mimi. Haya, gusa hapo pameandikwa Ruhusu."

"Naruhusu nini?"

"Ijulikane ilipo."

Akamshika kidole, wakagusa pamoja. Mama Keki alihisi joto la mkono ule likimpanda mpaka shingoni. Angeruhusu chochote siku hiyo.

Sasa alifuta machozi kwa mgongo wa mkono wenye unga. "Nipe simu yako, Dada, yangu ni ya vitufe tu. Alinifundisha. Unaingia kwa simu yoyote, unaweka barua pepe yako, inakuonyesha."

"Mpigie mwenyewe aje aitafute."

"Kwa nini nimsumbue kwa kitu ninachokijua? Nimesomea bure ile kompyuta ya jioni?"

Aliketi kwenye kigoda, akaandika barua pepe aliyofunguliwa na mwalimu wa masomo ya jioni, akaweka neno la siri ambalo ni jina la utani la mwanawe. Ramani ikafunguka, ikazunguka kidogo. Kisha maneno yakatokea: Hakuna kifaa kilichounganishwa na akaunti hii.

Akarudia. Jibu likawa lile lile.

"Sasa imeunganishwa na nani?" Dada aliuliza, naye aliuliza tu kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichotaka kununua.

"Labda alikosea mahali," Mama Keki alijibu, akavua aproni.

*

Duka la Fundi lilikuwa chumba kimoja chenye kaunta ya kioo. Chini ya kioo simu za watu zililala matumbo wazi, kila moja na kikaratasi chake. Palinukia risasi ya kuunganishia nyaya na spiriti ya kusafishia vioo. Fundi hakuwapo; alikuwa amekwenda kufuata vipuri. Aliyekuwapo ni mama yake mzazi, amekaa kwenye stuli ya mwanawe akifuta makava ya simu kwa kitambaa.

Mama huyu hapo mwanzo hakumtaka Mama Keki hata kumwona. "Mwanangu hajawahi kuoa, atabebaje mwanamke na mzigo mgongoni?" Mzigo ni Kiduchu. Fundi akashikilia, mama akalainika, au akajifanya amelainika. Jumapili hii wazee wa pande zote mbili walikuwa wakutane nyumbani kwa kina Mama Keki wapange siku ya ndoa. Viti vilikwisha azimwa kwa majirani.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umeparamia unga kama panya wa ghalani?"

"Mama, nimechanganyikiwa. Ile tableti aliyonipa Fundi imepotea. Jana nilipita dukani kununua unga, nikaenda huku na huku, jioni darasani, sijui hata nimeiangushia wapi."

"Imepotea?" Mama alicheka kwa raha ya mtu anayejua. "Kitu cha mwanangu kipotee? Kaa hapo."

Akavuta droo, akatoa simu ya duka, ile yenye ufa pembeni. Akavaa miwani. Mama Keki alimtazama kwa mshangao: mama ambaye kila siku alisema simu za kugusagusa zinamshinda, leo kidole chake kilikimbia juu ya kioo bila kuuliza njia. Akagusa hapa, akapanua pale, akageuza ramani ikae sawa.

"Hii hapa. Haijasogea tangu jana mchana. Umeisahau kule kule kwako kwa Jumatano."

Mama Keki alihisi kama mtu amemmwagia maji ya baridi mgongoni. "Wapi, Mama?"

"Si kule kwenye geti la kijani. Kwa baba wa mtoto wako."

Nje mtu alipita akipiga mluzi. Mama Keki alisikia mluzi ule ukianza, ukipita, ukipotea. Habari ya geti la kijani hakumwambia mtu. Hata Dada, aliyekula naye chungu kimoja maisha yote, hakuijua.

"Mama," alisema polepole, "umejuaje kwamba nakwenda kule Jumatano?"

Hapo ndipo mama akaona alipokanyaga. Kitambaa kilimponyoka mkononi. Akavua miwani kana kwamba miwani ndiyo iliyosema.

Na Fundi akaingia, mfuko wa vipuri mkononi, uso umechanua alipomwona mchumba wake. "Mpenzi! Umekuja bila kuni..." Macho yake yakashuka kwenye simu iliyofunguka ramani juu ya kaunta. Tabasamu likamkauka midomoni.

"Malizia," Mama Keki alisema. "Nimekuja bila wewe kuniona."

"Ngoja nikueleze."

"Nieleze. Nitasimama."

"Sikupanga." Aliweka mfuko chini. "Watu wengi wanaokuja hapa hawana barua pepe, au wanayo wamesahau neno la siri. Nawawekea akaunti ya duka, ni kawaida yetu mafundi. Na yako niliweka ya duka. Nilisema nitabadilisha."

"Mbona hukubadilisha?"

Fundi aliinama, akaanza kufungua mfuko wa vipuri.

"Fundi, nakuuliza mbona hukubadilisha."

"Siku ya kwanza nilitaka tu kuona kama inafanya kazi. Nikakiona kidoti chako, kiko kwenu, kimetulia. Nikafurahi. Kesho yake nikatazama tena. Baadaye ikawa kama kukuna upele, unajua unajiumiza na mkono hauachi."

"Na Mama? Naye ana upele?"

"Mimi ni mzazi!" Mama wa Fundi alirudisha ulimi wake. "Nilimkuta anatazama, uso umemshuka. Nikamwambia nionyeshe. Ndipo nikaona Jumatano, na Jumatano nyingine, mtu ametia nanga kwa bwana wake wa zamani. Mwanangu hatakula kwa mwanamke anayepasha kiporo!"

"Mama, tafadhali," Fundi alisema.

"Tafadhali nini? Si useme wewe, kama mimi nimesema uongo!"

Mama Keki hakumtazama mama. Alikuwa akimtazama Fundi, mwanamume mwenye vidole vyembamba vinavyoweza kuunganisha uzi wa shaba usioonekana kwa macho. Mambo ya nyuma yalimjia yote kwa pamoja, kila moja limegeuka.

"Siku ile ya mvua," alisema.

Fundi aliinamisha kichwa.

"Nimekwama kwenye kibaraza cha duka la unga, mvua inanyesha mwisho wa dunia. Ukatokea na mwamvuli. Nikakuuliza, umejuaje? Ukasema, nilikuwa napita tu. Niambie sasa, ulikuwa unapita tu?"

"Hapana."

"Nilikwenda nikamwambia Dada, moyo wake umemwambia. Unasikia? Mtu mzima mimi, nikasema moyo wake umemwambia." Aligonga kaunta kwa kidole. "Na ile siku Kiduchu ameanguka shuleni, ukanifuata hospitali ndogo kabla sijakupigia. Nikasali kushukuru. Na bando! Mungu wangu, nikajisifia bando. Nikasema, huyu ananijali hata tusipoonana. Kumbe mbuzi amefungwa kamba ndefu, anarukaruka akidhani yuko huru."

"Nilikuja na mwamvuli kwa sababu nakupenda."

"Ulikuja kwa sababu uliniona."

"Yote mawili! Yote mawili ni kweli." Alizunguka kaunta, akanyoosha mkono, Mama Keki akarudi nyuma hatua, na mkono ule ukabaki hewani bila kazi. "Unadhani ilikuwa rahisi? Nakuona kila Jumatano unakwenda kwake. Saa nzima, saa mbili. Jioni nakupigia nasikia sauti yako nzuri ile ile. Nilikuwa nakufa."

"Ungeuliza."

"Niliogopa jibu."

"Kwa hiyo ukajijibu mwenyewe. Ukanikuta na hatia, ukanisamehe, ukapanga na Jumapili ya wazee, na mimi sina habari kama nilishtakiwa."

Fundi alishika ukingo wa kaunta. Macho yake yalikuwa mekundu. "Basi niambie sasa. Nakuuliza sasa. Unafanya nini kule? Sema neno moja tu nami nitaliamini, hata kama ni dogo, hata kama ni la uongo."

"Aseme!" mama aliunga. "Kama ni safi, aseme tusikie!"

Jibu alikuwa nalo. Lilikuwa ulimini kabisa, jepesi, la maneno machache, na alijua likitoka tu Fundi angeanguka magotini na mama angetafuta pa kuuficha uso. Kwa muda mfupi alilionja. Kisha akalirudisha.

"Jumatano ya kwanza kabisa," alisema, "ungenipigia ukaniuliza, uko wapi, ningekuambia. Nilikuwa nimekaa kwenye kibaraza chao nalia, nikiomba mtu aniulize. Leo nikisema, nitakuwa najitetea. Nami sikuja hapa kujitetea. Nilikuja kutafuta tableti."

"Mpenzi..."

"Nitoe."

"Nikutoe wapi?"

"Humo kwenye ramani. Nitoe mbele ya macho yangu."

Fundi alichukua simu ya duka. Mkono uliozoea kushika bisibisi ndogo kuliko sindano ukakosa shabaha. Aligusa, akagusa tena. Simu ikamuuliza: Una uhakika unataka kuondoa kifaa hiki? Alimtazama Mama Keki kama mtoto anayetumaini ataambiwa acha. Mama Keki alikuwa akikitazama kidoti. Fundi akagusa Ondoa, na kile kidoti cha buluu kwenye geti la kijani kikafifia, ikabaki ramani tupu, barabara na paa za nyumba za watu.

"Wazee wako Jumapili wasisumbuke," Mama Keki alisema. "Viti nitavirudisha mwenyewe."

"Usifanye hivyo. Nakuomba. Mama, mwambie!"

Lakini mama alikuwa ameokota kitambaa chake, anafuta kava lile lile lililokwisha takata.

Mama Keki alitoka. Alitembea wima mpaka kona, alipojua kwamba hawamwoni tena. Hapo akashika ukuta wa watu, akalia kilio cha chini chini, unga wa mikononi ukimganda mashavuni.

*

Geti la kijani lilikuwa limeegeshwa tu. Baba wa Kiduchu hakuwa ameligusa kwa miaka. Alihamia mji mwingine, akaoa kwingine, akasahau kote. Aliyebaki ni mama yake mzazi, bibi yake Kiduchu, ambaye upande mmoja wa mwili ulikuwa umekataa kumtii tangu alipoanguka bafuni. Jirani alimletea chakula. Kumwogesha hakuna aliyetaka.

Bibi huyu ndiye aliyemtoa Mama Keki katika nyumba hii, kichanga kikiwa hakijakatika kitovu, akamrushia na mfuko wa nguo nje ya geti. Mama Keki aliposikia ameanguka, alikuja Jumatano moja kumtazama tu. Angeulizwa alitaka kutazama nini, pengine angesema ni adhabu ya Mungu. Akakuta mashuka. Akakuta harufu. Akakuta jicho moja linalomtambua likibubujika. Alitoka kibarazani akalia, kisha akarudi ndani akakunja mikono ya gauni. "Usimwambie mtu," Bibi alimsihi kwa mdomo uliopinda. "Nitakufa na aibu hii." Naye akaapa. Fundi peke yake alikuwa amwambie, kabla ya Jumapili, kwa kuwa mume hafichwi.

"Nani huyo?" sauti ya Bibi ilitoka chumbani. "Leo si Jumatano."

"Ni mimi, Bibi. Nimesahau kitu changu hapa jana."

Bibi aligeuzia uso ukutani. Kisha mkono wake mzima ukaingia chini ya mto, ukavuta tableti polepole. Ilikuwa imezima kwa kuishiwa chaji.

"Hukusahau," alisema. "Ulipokwenda kumwaga maji nilikuwa natazama picha za mjukuu wangu. Nikaificha. Nilisema, ukiifuata utarudi kabla ya Jumatano. Siku zangu ni ndefu, mwanangu. Nisamehe, nimeiba."

Mama Keki alikaa ukingoni mwa kitanda. Akacheka, na kicheko hakikuchukua hatua mbili kabla hakijageuka machozi. Bibi alimshika kifundo cha mkono kwa nguvu zote alizobakiwa nazo.

"Nimekukosea sana?"

"Hapana, Bibi. Wewe umeniambia mwenyewe."

Alisimama, akajipangusa, akachukua kitana dirishani. Maadamu amekuja, amchane. Nywele za Bibi zilikuwa nyeupe na laini kama pamba iliyochambuliwa, na kuzigawa kulihitaji subira, na subira ndiyo iliyokuwa dawa pekee nyumbani humo. Aligawa fungu baada ya fungu. Alikuwa amefikia nyuma ya sikio simu yake ilipolia ndani ya mfuko wa gauni. Aliiacha ilie. Ikanyamaza, ikalia tena, ikanyamaza. Kisha ukaja mlio mfupi wa ujumbe.

Aliitoa simu, akausoma. Ulikuwa wa Fundi. Maneno mawili tu, ambayo tangu wajuane hakuwahi kumwandikia wala kumtamkia.

Uko wapi?

Aliyatazama mpaka yakaogelea. Akakumbuka kidevu begani, kidole juu ya kidole, kidoti kikififia. Kidole gumba chake kilielea juu ya herufi, kikakaa hapo, kisha akailaza simu kifudifudi juu ya shuka na kurudi kwenye nywele.

"Nani anakupigia hivyo?" Bibi aliuliza.

"Mtu mmoja. Amepotelewa."

"Maskini. Na kitu cha maana?"

Mama Keki alishuka na kitana taratibu, toka utosini mpaka kwenye ncha.

"Sijui, Bibi. Ndiyo kwanza ameanza kuuliza."

"Basi mwache aulize," Bibi alisema, akafumba jicho. "Anayeuliza mwenyewe, hata akichelewa, hufika. Nichane na huku."